Zlatina Kwenye Fremu Nyeusi

Jumatatu, 3 Juni
Zlatina amekubali! Nitaongoza video ya wimbo wake mpya. Mji ukiipenda kabla ya sikukuu ya cheri Jumamosi, atakapoimba uwanja wa kanisa, atanipa na zote zitakazofuata. Kwaheri kupiga picha za harusi! Krasimir, anayejiita mwongozaji kwa sababu ana droni, aliniuliza mbele ya watu kama nadharia zangu nazo zinaruka. Nilimpuuza. Nimehitimu kozi ya nadharia za vyombo vya habari. Kwa mtandao, lakini nimehitimu.

Jumanne, 4 Juni
Tumerekodi. Hakuna gari la kuazima, hakuna bwawa, hakuna mabinti wa kutingisha nyonga. Uso wa Zlatina tu, kwa karibu kabisa, nyeusi na nyeupe, bila tabasamu. Akalalamika kwamba wimbo ni wa furaha. Nikamweleza: picha ikipingana na maneno, mtazamaji hulazimika kufikiri. Akasema watazamaji wake wanataka kucheza. Ana safari ndefu.

Jumatano, 5 Juni
Video nimeiweka mtandaoni. Sasa matangazo. Kozi inasema hadhira hufuatwa ilipo. Hapa kwetu ipo wapi? Mbele ya nguzo na milango yanakobandikwa matangazo ya misiba, yenye picha ya marehemu na saa ya mazishi! Kila asubuhi watu husimama pale kuona nani kafa. Nimechapisha uso ule ule, fremu nyeusi, jina lake, na chini: Jumamosi, saa kumi jioni, uwanja wa kanisa. Nimebandika mji mzima. Watu walisimama! Wengine walipiga ishara ya msalaba. Sanaa hiyo.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Bibi Tsveta, jirani yangu, kapeleka kwa akina Zlatina sahani ya ngano ya kuchemsha, ile ya matanga. Mlango kafungua Zlatina mwenyewe. Ngano yote chini. Bibi alipopata pumzi akamgombeza: we mtoto huna haya, nimekulilia tangu alfajiri na presha yangu hii!

Mama yake Zlatina kanitumia salamu kwamba akinikamata, tangazo litakalofuata litakuwa na uso wangu. Krasimir kauliza kama picha ninayo au anipige yeye.

Ijumaa, 7 Juni
Zlatina kampa Krasimir kazi. Gari, bwawa, mabinti. Alinipigia mwenyewe, kwa upole wa kutisha. Nikamkumbusha kuwa video yetu imetazamwa kuliko zake zote. Akasema maoni yote ni pole. Nikamwambia: unaona, wameguswa! Akakata.

Jumamosi, 8 Juni
Sikwenda kwenye sikukuu. Nimechambua kosa kwa utaratibu. Fremu ilikuwa nyembamba mno.

Nimepata msanii mwingine: Babu Haralampi, mpiga kodiani, miaka themanini na mbili. Hana ubishi. Nimemlaza sakafuni, macho kafumba, mikono kifuani, mishumaa pande zote. Mwanga wa ajabu! Nilimwomba asipumue sana. Kipande cha kwanza nimewatumia wanawe walioko Ujerumani, bila neno hata moja. Mtazamaji ajitafutie maana.

Simu inaita bila kukoma. Sipokei. Mwongozaji hafafanui kazi yake.