Kifusi cha Bafu Langu

Jumatano, 4 Juni
Nimemaliza kubomoa bafu la zamani. Kwa mikono yangu! Mgongo hoi. Kifusi kimejaa uani hadi geti halifunguki. Mke wangu kasema mama yake anafika Jumapili. Akiukuta uchafu huu, mimi ndiye nitakayelala uani. Kaongeza kwamba kaka yake angekuwa ameshamaliza. Shemeji huyo ataniua kwa presha.

Alhamisi, 5 Juni
Kituo cha taka. Mama wa mizani, anayepokea mizigo, kaeleza kwa upole: kifusi ni bure, mradi nitenganishe vigae, mbao na misumari. Nichambue kigae kimoja kimoja? Mimi si kuku. Nimerudi nyumbani kujaza magunia: kifusi chini, maganda ya ndizi juu. Akili!

Ijumaa, 6 Juni
Mama wa mizani ana nondo. Kachoma gunia la kwanza. Kong! Kauliza kama ndizi za kwetu zina mifupa. Foleni nzima hoi kwa kicheko. Nimeshinda juani nikichambua mbele za watu. Kimebaki choo cha kukalia tu, maana anataka nitoe boliti zake, nazo zimeshika kutu.

Jumamosi, 7 Juni
Wazo! Kituoni kuna kona ya vitu vizima. Unaacha, mwingine anachukua, hakuna nondo. Nimejaza choo udongo, nikapandikiza humo maua mekundu ya mke wangu. Nikakiweka konani, nikaondoka kama sijui kitu. Uani kweupe pe! Mke wangu kaniita mpenzi. Nina raha isiyo kifani.

Jumapili, 8 Juni
Mama mkwe kafika. Nyuma yake shemeji, na zawadi kwa dada yake. Choo changu! Na maua! Kadai kakipamba mwenyewe. Mama mkwe machozi yakamtoka, kasema mwanawe ana kipaji. Choo kimewekwa mlangoni, wageni wakione. Nikafungua mdomo nieleze ukweli. Hapo hapo mke wangu kauliza nani kang'oa maua yake mekundu. Nikamsifu shemeji.

Jumatatu, 9 Juni
Sijapata usingizi. Nizidiwe na shemeji kwa choo changu mwenyewe? Haiwezekani! Mke na mama yake wamekwenda sokoni. Nimeshika nyundo. Wakirudi watakuta sinki la jikoni limesimama mlangoni, limejaa maua. Ukuta umekuja nao kidogo, na bomba linarusha maji. Si kitu. Kifusi chake nacho hakinitishi: magunia ninayo, na ndizi nimewaagiza.