Vita vya Kengele ya Reli huko Kishapu

Sogeeni, enyi wenye masikio, na anayetafuna karanga aziweke kando kwanza! Nawahadithia Mwalimu Mkuu Kamili, simba wa Ushirombo, mshika chaki, mzima ghasia, aliyesimamisha vita vilivyotaka kuimeza shule moja ya Kishapu mwaka ule wa nzige.

Chanzo chake, msicheke, ni kengele: kipande cha reli kilichoning'inizwa uwanjani. Mwalimu Bujiku, Msukuma wa hapo hapo, alikuwa akikigonga asubuhi moja, na Mwalimu Zamoyoni, mgeni kutoka pwani, akamwambia mbele ya watoto, "Unagonga kama anayefukuza ndege wa mtama!" Loo, Bujiku alivimba! Tangu hapo kila jemadari akagonga kwa saa yake. Watoto walioingizwa na huyu walitolewa na yule, wakaingizwa tena, hata hesabu ikakosa wa kuisoma.

Kamili akahutubia, akasihi, akafoka. Wapi! Ndipo alipowasili Mzee Masele, msemaji wa wazazi, na ng'ombe wake nyuma, akanguruma:

"Mwalimu! Leo kengele ikilia mara mbili, watoto wetu wanarudi machungani, nawe ukafundishe kuta!"

Kamili aliipenda shule ile kuliko chakula. Akawaita mashujaa wake, nao wakasimama mbele yake wamepeana migongo.

"Zamoyoni, kwenu hasa ni wapi?"

"Kisarawe! Mimi Mzaramo, mwana wa Wazaramo, wala simwogopi mtu!"

"Nawe Bujiku, babu yako si alibeba pembe hadi Bagamoyo?"

"Alibeba, tena hakulalamika!"

Kamili akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Mama Maria! Wazaramo na wapagazi wa bara ni watani tangu enzi za misafara! Bujiku, umenunia neno la mtani! Umekosa, ndugu yangu. Toa kuku wa faini!"

Bujiku akainama kwa aibu, kisha kicheko kikamtoka hata akashika ukuta. "Bebe, wewe Mzaramo! Nimenuna msimu mzima, kumbe ningekutukana bure!"

"Kuku awe jogoo," akasema Zamoyoni, naye anafuta machozi ya kucheka.

"Kagonge basi, mlafi wa nazi! Siku ukifa nitalala kaburini mwako mpaka nirudishiwe jogoo wangu."

Zamoyoni akagonga. Watoto wakamiminika ndani, vumbi likatua. Bujiku mikono ilimwasha kweli kweli, akaikalia. Mzee Masele akasubiri, kiganja sikioni, na Kamili akasubiri bila kupumua, lakini hakikulia kitu tena. Kutoka darasani ikasikika mbili mara mbili ni nne, kwa sauti za watoto ambao hakuna aliyewatoa.

Ndipo mzee akainua fimbo yake juu, akaitangazia nchi yote ya pamba na ng'ombe, "Imelia mara moja!" Wanawake waliokuwa kisimani wakapiga vigelegele, na Kamili, mshindi wa vita vile, akaketi mavumbini akalia kwa furaha.