Ukoo wa Semaforini Uitwe Barazani

Msambweni,
21 Juni 1999

Kwako Mheshimiwa Chifu,

Shikamoo. Mimi ni Biasha binti Chirau, fundi cherehani. Naushitaki ukoo wa Semaforini, unaoishi mkononi mwangu bila adabu.

Novemba iliyopita nilikuwa nikipasua nazi, panga likateleza likanikata kiganja. Daktari Kaloki aliniunga mishipa ya fahamu, akasema, "Mama, itaota tena taratibu mpaka vidoleni. Njiani kuna protini ziitwazo Semaforini, zimekaa kwenye ngozi za seli. Ndizo huiambia mishipa: huku pita, kule rudi." Nikamshukuru, nikangoja. Mashtaka yangu ni haya:

1. Wameelekeza ovyo. Nikigusa kidole cha shahada, kinachohisi ni cha kati.

2. Kwenye harusi ya mteja wangu Ummi nilikuwa nikimalizia pindo la gauni naye ameshalivaa. Sindano ikanichoma kidole cha shahada, mimi nikanyonya cha kati. Damu ikachirizika kwenye gauni jeupe. Mama mkwe wake akauliza, "Huyu fundi ana nini?" Nikajibu kwa heshima, "Nina Semaforini." Akadhani ni jini! Nilifukizwa ubani mpaka bibi harusi akatolewa nje akikohoa.

3. Ofisini kwako, kidole cha shahada kilipopakwa wino wa kitambulisho, baridi ilihisiwa na mwenzake. Sasa serikali imesajili kidole gani? Kimoja kikiiba, kitafungwa kipi?

Naomba uwaite Semaforini barazani pamoja na wazee wa ukoo wao. Wakikaidi, wahamishiwe Samburu, barabara kuu, wakaelekeze malori. Kwa kuwa wamo mkononi mwangu, niko radhi kuwasindikiza.

Nisalimie mama watoto, karani wako na askari wote wa ofisi.

Ni mimi raia wako mwenye vidole kumi, viwili kati yake vikiwa na mashaka,
Biasha binti Chirau

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Daktari Kaloki amepita dukani. Amekiri kwamba siku ile aliunganisha ncha za mishipa visivyo, na Semaforini wamefuata njia aliyowapa. Nilitaka kumshitaki yeye, lakini nimekumbuka koti lako la sherehe, lile lenye mkono wa kulia begani kushoto. Nililishona Oktoba, mkono wangu ukiwa mzima kabisa. Tafadhali ichane barua hii.