Mama Mkwe Ufukweni Kikwe

Jumatatu, 16 Juni 2025

Leo ni mwaka mmoja, miezi minne na siku tatu tangu nitoke Iguguno, Singida. Mgongo unauma. Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu Alhamisi.

Tunu, mke wangu, amepiga simu. Anakuja keshokutwa na binti yetu Salwa, watakaa siku nne. Hapa hoteli ya Mawimbi kila mfanyakazi anaruhusiwa kuleta familia mara moja kwa mwaka, mwezi wa Juni, wageni wanapokimbia baridi. Jina niliandikisha mwenyewe Januari. Sikumbuki nilikuwa nawaza nini.

Tatizo ni kwamba Tunu anajua mimi ni msimamizi wa ufukwe. Si uongo wote. Ufukwe upo. Mzee Hatim, mwenye hoteli, alizaliwa Tanga na hajaweza kuisahau. Akamwaga malori tisa ya mchanga kando ya bwawa la kuogelea, hapa Kikwe, Arusha, katikati ya mahindi ya watu. Na mimi nipo. Nausawazisha mchanga kwa reki, kutwa mara tatu. Kusimamia ndiyo kazi ya Abdiel.

Tunu amesema wazi. Kama ni msimamizi kweli, atavumilia mwaka mwingine. Kama ni kibarua tu, nirudi naye, jembe hata nyumbani lipo.

Jumanne, 17 Juni

Mpango umepatikana. Abdiel ana suruali nyeusi na filimbi. Mimi nina kaptula ya rangi ya chungwa. Tutabadilishana siku nne. Mzee Hatim na mkewe, Mama Shirin, wako Moshi mpaka Jumamosi. Malipo ya Abdiel ni jogoo wa Singida. Nimemwambia Tunu amlete, ni wa kumpa kijana wangu mmoja mwaminifu.

Abdiel amecheka mpaka akakohoa. "Shabani, wewe hata toroli halikutii." Nimemwambia kuanzia kesho aniite bosi. Akauliza jogoo ni mkubwa kiasi gani.

Jumatano, 18 Juni

Wameshuka watatu. Tunu, Salwa, na mama mkwe. Hakuna aliyeniambia.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, wala hapitwi mbele. Kumwonyesha magoti ndiyo kabisa. Na Abdiel ni mfupi. Suruali yake kwangu inaishia chini kidogo ya magoti, nikiinama yanatoka. Niliinama kupokea mzigo. Mama mkwe akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta wa stoo. Ndivyo tulivyosalimiana baada ya mwaka mzima.

Salwa akauliza bahari iko wapi. Nikamwambia iko nyuma ya ukungu.

Tunu alinishika mkono, akakitazama kiganja muda mrefu. Nadhani alikuwa amenikumbuka.

Alhamisi, 19 Juni

Mama mkwe amekaa chini ya mwavuli tangu asubuhi, na koti lake, anautazama mchanga. Siwezi kupita mbele yake. Nimesimamia kutokea nyuma ya jiko. Nikipuliza filimbi, mpishi anatoka kuuliza anaitiwa nini. Mimi mwenyewe sijui.

Abdiel hajui reki. Anaparura kama kuku. Inaniuma, mchanga ni wangu.

Mama mkwe anaongea nami kupitia kwa Salwa. Ametuma kusema kijana wangu anashika reki kama mwiko wa ugali. Nimejibu kwamba vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Abdiel ana miaka hamsini na mbili. Salwa akarudi tena: bibi anasema mgeni siku mbili. Nikafurahi sana. Nikadhani wanaondoka kesho.

Ijumaa, 20 Juni

Nilisahau kwamba methali ile ina nusu ya pili. Siku ya tatu mpe jembe.

Mama mkwe aliamka alfajiri, akamnyang'anya Abdiel reki, akampa Tunu jembe la bustani. Mkwe huwezi kumpokonya kitu. Hata kumkaribia huwezi. Nilipuliza filimbi nyuma ya jiko mara nne. Wakadhani nawahimiza.

Kufika saa mbili ufukwe wote ulikuwa matuta. Matuta ya viazi, yamenyooka, kutoka bwawani mpaka ukutani. Mama mkwe akamtuma Salwa: udongo mwepesi hivi ulikuwa umelala bure, mbegu baba yako atafute mwenyewe.

Saa tatu likaingia gari la Mzee Hatim. Siku moja kabla.

Akaona matuta. Akaona Abdiel ndani ya kaptula yangu, jogoo kwapani. Akauliza nani amefanya hivi. Tunu akamwamkia vizuri, akamwambia amuulize msimamizi, mume wake, yuko nyuma ya jiko.

Nikatoka. Nilikuwa nimejifunika uso kwa aproni ya mpishi, kwa heshima ya mkwe. Mzee akanizunguka mara moja. "Uso siuoni," akasema, "lakini magoti haya nayajua. Si wewe wa reki?"

Tunu aliweka jembe chini. Nikajiona niko kwenye basi la Singida.

Kisha Mama Shirin akavua viatu, akapanda juu ya matuta. Akamwita mumewe, njoo Hatim, maji ya bahari yakitoka kule Tanga si mchanga hubaki hivi hivi? Mzee akavua viatu naye. Wakasimama pale katikati, wazee wawili, miguu mitupu kwenye baridi ile. Mzee akasema miaka mitatu anapaita mahali hapa Mawimbi na hajawahi kuwa na hata wimbi moja. Akauliza kama huyu mama mwenye jembe anaweza kufanya hivi kila asubuhi.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Ataweza.

Bado sielewi kilichotokea.

Jumapili, 22 Juni

Tunu ameajiriwa. Mama mkwe anabaki naye, anasimamia kutoka chini ya mwavuli, hata Abdiel anamwogopa. Abdiel amerudishiwa suruali. Jogoo hakumchinja, anamfuga. Amempa jina la Bosi.

Mimi narudi Iguguno na Salwa. Shule inafunguliwa mwezi ujao, alizeti inangoja kuvunwa, na reki ni moja, sasa ni ya Tunu.

Nimemuuliza Tunu amekasirika kiasi gani. Amesema alijua tangu Jumatano, kiganja cha msimamizi hakina sugu. Alichotaka ni niseme mwenyewe. Nikamwambia nitasema. Akasubiri. Basi tukaongea habari za alizeti.

Jioni nimempigia jirani yangu Ezra. Nimemwambia nakuja likizo, hizi likizo za wasimamizi huwa ndefu kidogo, kazi nimemwachia mtu wangu wa karibu. Akauliza bahari ya Arusha ikoje. Nikamwambia mawimbi yake yamenyooka. Salwa nimemfundisha la kusema.

Filimbi ninayo bado. Basi ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Natarajia kurudi Kikwe Jumatatu, 5 Januari, nikiwa msimamizi. Nimemwambia Abdiel aanze mapema kutafuta suruali ndefu zaidi.