Mbao Zilizokula Nyasi

Umma wa Garissa, wa mjini na wa mabula yote, yaani vitongoji vyake, unaarifiwa kwa furaha kwamba swali zito la ubao upi wa skeitibodi unakwenda vizuri na kudumu zaidi limeondolewa mikononi mwa wasichana waliokuwa wakilijibu kwa kupanda mbao hizo, na limekabidhiwa kamati ambayo haijawahi kupanda hata mmoja. Hii ni hatua kubwa ya maendeleo. Anayepanda ubao huwa na upendeleo. Asiyeupanda ana macho safi.

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo kwa niaba ya akina mama. Nilikuwa nimehitimu darasa la watu wazima, na Mkurugenzi Keinan alihitaji mwananchi wa kusoma kumbukumbu za mkutano kwa sauti kabla ya mkutano kuanza, ili wajumbe wajue mapema walichokubaliana.

Mbao zenyewe zilikuwa kumi na mbili, za aina tatu: za tabaka saba zilizobanwa kwa gundi, za mianzi, na za plastiki. Wafadhili fulani wenye ofisi kule Dadaab walizileta kama zawadi kwa wasichana wa bula yetu, akiwemo binti yangu Idil. Wasichana hao walikuwa na ubao mmoja tu, uliopasuka katikati na kufungwa kwa waya, nao walikuwa wamekubaliwa kwenye shindano la vijana jijini Nairobi. Sharti la kwanza lilikuwa hili: kila mshindani afike na ubao wake, mzima. Sharti la pili lilikuwa umri, na kwa Idil hili ndilo lililouma. Mwaka unaofuata angekuwa amelivuka. Lilikuwa shindano hili au basi.

Zawadi zilifika Jumatatu. Jumanne, Idara ya Mwendo wa Vijana, Mifugo na Shughuli Shirikishi ilizichukua na kuzifungia, kwa ajili ya kuzilinda dhidi ya matumizi.

Nilipomweleza Idil kwamba kamati italinganisha mwendo na uimara wa kila aina, alicheka mpaka akaketi.

"Hooyo, hiyo ni kazi ya dakika kumi! Ya tabaka saba ni ngumu. Ukiruka inakurudisha juu fiti, lakini lami ya huku unaisikia mpaka kwa meno. Mianzi inajipinda kidogo, inameza mashimo. Plastiki, ikipigwa na jua la saa saba, inakuwa chapati. Mwambie Mkurugenzi hivyo, atuachie tufanye mazoezi."

Nilimjulisha kwamba maelezo yake hayakuwa na viambatisho.

Kikao cha kwanza kilikabili tatizo la kitaalamu. Katika idara nzima hapakuwa na mwongozo wa kutathmini kitu kinachopandwa, isipokuwa ule wa ngamia. Mkurugenzi Keinan, mtu mwenye tumbo la mashauriano marefu, alilitatua kwa hekima.

"Ndugu wajumbe, kinachopandwa ni kinachopandwa. Mwongozo upo, tuutumie. Tusianze kubuni mambo kama watu wasio na ofisi."

Hivyo akaitwa Mzee Warsame, dalali wa soko la mifugo, awe mtaalamu wetu. Alifika na bakora yake na shali begani, akauzunguka ubao wa kwanza mara mbili.

"Huyu iko na umri gani?" aliuliza hatimaye.

"Mpya kabisa, adeer," nikajibu, nikimwita ami kwa heshima. "Ametoka kwenye karatasi jana."

"Mpya si umri. Amezaa?"

Mkurugenzi alinielekeza niandike: "Bado."

Mzee Warsame akaupindua ubao, akagusa magurudumu moja baada ya jingine. "Kwato nne, zote nzima, maashallah. Lakini mguu fupi. Mnyama ya mguu fupi haifiki mbali kama Eldas." Ule wa mianzi aliubonyeza mgongo, ukalegea chini ya kiganja. "Huyu mgongo yake laini. Ameshabeba maji sana huyu." Ule wa plastiki aliunusa, akarudi nyuma. "Huyu wa kuchanganywa. Mama yake hajulikani."

Ilipofika saa ya kutoa alama, yeye na Mkurugenzi walifunika mikono yao kwa shali na kubanana vidole, kama madalali wafanyavyo sokoni ili bei isijulikane na wapita njia. Kwa njia hiyo alama zote zilitolewa kwa uwazi mkubwa, chini ya kitambaa. Wawili hao walitoka wakitabasamu, na matokeo yakahifadhiwa katika vidole vyao.

Lilifuata jaribio la mwendo. Mwongozo unaagiza kwamba mnyama atazamwe akitembea kwa hiari yake, bila mpandaji. Tulizipanga mbao kwenye baraza ya ofisi, tukaketi na chai, tukangoja. Asubuhi nzima hakuna uliokwenda. Nikaandika: "Utulivu: bora." Karibu na adhuhuri mlango ulipigwa na upepo, ubao mmoja wa plastiki ukateremka kwenye mteremko wa baraza na kumgonga Mkurugenzi kwenye kifundo cha mguu. Nikaandika: "Hasira: ipo."

Jaribio la uimara lilikuwa la kiu. Mbao zote zilinyimwa maji kwa wiki mbili, na lazima niseme zilistahimili kwa namna iliyowashangaza hata wajumbe waliozaliwa nyikani. Mkurugenzi aliguswa. Aliamuru zinyweshwe, kuanzia na ule wa tabaka saba uliokuwa mbele. Tuliulaza kwenye hori la maji mpaka kesho yake. Tulipoutoa, tabaka zake zilikuwa zimeachana kama maganda ya kitunguu.

Mzee Warsame alichutama kando yake. "Amekufa," alisema. "Mnyama ikitoka kwa kiu, inapewa maji kidogo kidogo. Kila mtoto anajua."

Idil, aliyekuwa akichungulia kwenye ua na wenzake, alipiga ukelele. "Wallahi wamemuua! Ule nilikuwa nimeuchagua mimi!"

"Toeni hao waombolezaji," akasema Mkurugenzi, "kikao kinaendelea."

Sasa kwa kuwa kifo kilikuwa kimetokea, mwongozo ulikuwa wazi: waliobaki wawekwe karantini na wapewe nyasi kila siku. Mwaka huo mvua ilikuwa imetukwepa. Kule Kotile watu walikuwa wakiwainua ng'ombe wao kwa kuwashika mikia, na robota la nyasi lilikuwa likitazamwa kama bibi harusi. Lakini sheria ni sheria. Lori lilikuja na nyasi za mbao zetu, na kwa usalama likateremsha mzigo nyumbani kwa Mkurugenzi. Lilikuja tena, na tena. Katika kipindi hicho ng'ombe wa Mkurugenzi, kwa kuishi tu jirani na nyasi hizo, walinenepa kwa huruma.

Nilikuwa na wajibu wa kuuliza, nami niliuliza.

"Mheshimiwa, mbao hazionekani zikila."

"Mama Idil, umewahi kumwona ngamia akila?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi unaona? Hizi si ngamia."

Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimeelimika.

Siku nazo hazikuwa na mwongozo wa kuzizuia. Zilipobaki siku tatu, Idil alivaa buibui lake jeusi la heshima, akaja ofisini, akasimama mbele ya meza ya Mkurugenzi.

"Adeer, shindano ni Jumamosi. Tupe hata za mkopo. Tutarudisha."

"Binti yangu, mnyama aliye karantini hapandwi."

"Adeer, ni ubao."

"Hapo ndipo vijana mnapokosea, mnaharakisha hitimisho. Ripoti bado iko kwa mpiga chapa. Ngoja shindano lijalo."

"Lijalo nitakuwa nimepita umri."

"Basi utakuwa umekomaa," alisema Mkurugenzi kwa upole, "na mtu mzima hachezi na magurudumu."

Idil hakulia pale ofisini. Alinitazama mimi, mjumbe wa kamati, kisha akatoka. Njiani kuelekea nyumbani alinisemesha mara moja tu: "Hooyo, kwani wewe huko ndani uko upande gani?" Nilimjibu kwamba nilikuwa upande wa utaratibu. Wali aliopika jioni hiyo haukuwa na chumvi.

Asubuhi iliyofuata aliwasili Bi Sahro, mkaguzi, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, mzaliwa wa Eldas katika ukoo wa wafugaji. Hakutaka chai. Alitaka nyasi.

"Mkurugenzi, malori matatu ya nyasi yaliingia idara hii wakati wa ukame. Ziko wapi?"

Mkurugenzi alinitazama mimi. Kisha akamtazama Mzee Warsame, ambaye alikuwa akiikagua dari kama anayetaka kuinunua.

"Zililiwa," alisema Mkurugenzi.

"Na nani?"

"Na mifugo wa karantini."

"Nionyeshe."

Tulimpeleka stoo. Alizitazama mbao zilizoegemea ukuta. Nilingoja acheke, lakini hakucheka, alifungua kalamu.

"Hawa ndio mifugo?"

"Ndio."

"Hawa ndio waliokula malori matatu?"

"Ni walaji wazuri," alisema Mkurugenzi, na jasho lilikuwa limeanza kumshuka kwenye ndevu zenye hina.

"Utatia saini kwamba ni mifugo?"

Alitia saini. Mwandiko ulikuwa wa ofisi.

"Waliletwa kumi na wawili. Naona kumi na mmoja."

"Mmoja alikufa. Kwa maji."

"Pole. Ngozi yake iko wapi?"

Msomaji wa mbali huenda asijue kwamba kwetu, mchungaji aliyekabidhiwa mnyama wa mtu, mnyama huyo akifa, humletea mwenyewe ngozi. Asiyeleta ngozi amekula nyama. Mkurugenzi alianza kupapasa mifuko ya koti lake. Mzee Warsame ndiye aliyemwokoa. Aliingia nyuma ya stoo, tukasikia kitu kikibanduliwa kwa nguvu, na akarudi na ile karatasi nyeusi ya msasa inayobandikwa juu ya ubao ili miguu isiteleze.

Bi Sahro aliipapasa kwa vidole viwili. "Ngozi kavu sana," alisema. "Aliteseka, maskini." Akaikunja, akaiweka mkobani. "Sawa. Ni mifugo. Sasa, Mkurugenzi, wewe mwenyewe ulitangaza redioni kwamba mwaka huu wa ukame, mnyama yeyote wa idara aliyepita mwezi karantini atagawiwa familia zilizopoteza mifugo. Hawa wamepita. Mama, katika bula yenu kuna aliyepoteza mifugo?"

"Sisi mbuzi wote," nilisema. "Na majirani wote."

"Wana mabinti?"

"Wengi, alhamdulillahi."

"Lakini hizi ni mbao tu!" Mkurugenzi alipaza sauti. "Bi Sahro, tuwe na akili! Ni mbao, na magurudumu chini!"

Bi Sahro alifunika kalamu taratibu. "Kama ni mbao, basi turudi kwenye nyasi."

Kutoka nyumbani kwa Mkurugenzi, ng'ombe aliyeshiba akalia.

"Ni mifugo," alisema Mkurugenzi.

Ugawaji ulifanyika mchana huohuo. Idil aliupita wa mianzi ulioukonga moyo wangu kwa upole wake, akachukua wa tabaka saba. "Kule lami ni laini, hooyo," alinieleza, akiusugua kwa kiwiko cha nguo yake. "Na mimi naenda kuruka." Wenzake walijaribu zao pale pale uani, na kamati, kwa mara ya kwanza tangu iundwe, ikaona mbao zikitembea. Mzee Warsame alishika kidevu. "Kumbe huyu ya mguu fupi ina mbio," alisema. "Eldas atafika."

Kilibaki kijambo kimoja cha kiutaratibu, na kwa kuwa napenda utaratibu, nilikitaja mimi. Shindano lilikuwa keshokutwa. Wasichana wangesafiri kwa basi. Je, mifugo huruhusiwa ndani ya basi la abiria?

"Hawaruhusiwi," alisema Bi Sahro. "Husafiri kwa lori la mifugo, kwa kibali, pamoja na mchungaji wao. Mchungaji awe mtu anayezijua tabia zao." Akamgeukia Mkurugenzi. "Kwa mfano, anayejua jinsi wanavyokula."

Ndiyo maana Ijumaa baada ya swala, basi letu lilipovuka Tana na kusimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, mbele yetu palikuwa na lori la mbuzi. Katikati ya mbuzi hao, juu ya samadi, aliketi Mkurugenzi Keinan akiwa na suti yake ya vikao, bakora ya Mzee Warsame mkononi, na mbao kumi na moja zimepangwa miguuni pake. Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna kibali.

Wasichana wote walihamia madirisha ya upande ule.

Polisi kijana alipanda gurudumu la nyuma, akachungulia ndani. "Mzee, hawa mbuzi ni wa dereva, ameshanionyesha. Kibali chako kinasema mifugo kumi na mmoja. Wako wapi?"

Mkurugenzi alitazama basi letu. Kwenye kiti cha mbele, miwani mikubwa ya Bi Sahro, aliyesafiri nasi, ilikuwa imeelekezwa kwake.

"Ni hawa hapa, afande," alisema.

"Wapi?"

"Hawa. Wamelala."

Polisi alizitazama mbao, akamtazama mzee mwenye suti, akatoa daftari mfukoni kwa uvumilivu wa mtu ambaye zamu yake ndiyo kwanza inaanza.

"Waamshe," alisema, "niwahesabu."

"Adeer!" Idil alipiga kelele dirishani. "Anza na huyo wangu, yeye hulala sana!"

Mkurugenzi Keinan akapiga magoti kwenye samadi, akaushika ubao wa kwanza begani, na kuutikisa kwa heshima zote.