Washa ya Nozeli Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Siku nzuri, imeharibiwa na kitambaa. Asubuhi Tajiri, mwenye gereji yetu, ametangaza kwamba Jumamosi atachagua foromani. Kila mtu akanitazama. Sawa, si kila mtu. Mlinzi alinitazama. Halafu akaniomba nisogee, lori lilikuwa linarudi nyuma.

Mpinzani ninaye mmoja tu: Bi Kitambaa. Jina nimempa mimi. Fundi gani huyu, kabla hajagusa nati anatandika kitambaa cheupe na kupanga vyuma kwa mstari, utadhani anauza vikombe? Vyangu naviweka chini. Ardhi haijawahi kuniibia.

Nimepewa lori la shemeji, mume wa dada yangu. Limejaa vitunguu na linavujisha moshi kwenye nozeli, vile vyuma vinavyopuliza dizeli ndani ya injini. Nozeli zote sita nimezing'oa kabla ya saa nne! Bi Kitambaa alikuwa bado anakunja mikono ya ovaroli.

Saa tisa nikahesabu washa, zile pete ndogo za shaba zinazokaa chini ya nozeli. Tano. Nikahesabu tena, taratibu, nozeli kwa nozeli. Tano. Nani kaiba washa ya nozeli namba nne? Jibu ninalo, na jibu lina kitambaa.

Jumanne, 4 Machi

Muuza spea anasema washa za unene ule hadi aagize, wiki mbili. Foromani anachaguliwa Jumamosi! Nimemwambia shemeji kwamba injini inapumzishwa kwa sababu za kitaalamu. Akauliza vitunguu navyo vipumzike mpaka lini. Mtu mzima, hana subira hata ya kukopa.

Bi Kitambaa amekuja kuuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama nimechungulia ndani ya tundu la nozeli. Nikamwambia nilianza ufundi yeye akiwa bado anafundishwa kuvaa viatu. (Amenizidi miaka mitatu. Hoja yangu iko palepale.)

Hata hivyo nina mpango. Nimetoa sumaku kwenye spika mbovu, nikaifunga kamba. Kesho naiburuta uani kote. Washa itajileta yenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mavuno! Nati thelathini na moja, springi, misumari, bolti za kila saizi, na ufunguo wa choo uliopotea tangu mwaka jana. Fundi matairi akauliza mbwa wangu anaitwa nani. Wivu.

Washa haimo. Lakini akili yangu hailali. Nimelimwaga lundo lote mbele ya Tajiri, nikamwambia tazama uzembe wa mafundi wako, hapa anahitajika foromani mkali. Tajiri alitikisa kichwa kwa masikitiko. Mambo yalikuwa yananinyookea kabisa.

Ndipo Bi Kitambaa akachuchumaa, akatenga vyuma kumi na saba. Akasema hivyo ni vya malori niliyotengeneza mimi, si yeye, na akayataja, lori moja baada ya jingine. Kumbukumbu ya aina hiyo si ya mtu mwenye afya. Halafu, kwa upole uleule, akauliza sumaku imeanza lini kushika shaba.

Nilimwambia sijasikia swali. Hata hapa naandika kwamba sikulisikia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechonga washa mwenyewe, kwa mkasi, kutoka kwenye kopo la soda. Duara safi! Upande mmoja bado unasomeka "baridi sana". Nimeifunga namba nne bila kumwambia mtu. Wengine wanaagiza, sisi tunabuni.

Ijumaa, 7 Machi

Lori limewaka. Nilisimama mbele yake, mikono kiunoni, ili Tajiri aone vizuri. Hakuona. Moshi mweupe ulifunika ua mzima. Injini inagonga, shemeji anakohoa, na kila akipata pumzi anautukana ukoo wangu. Amesahau kwamba kwenye ukoo huohuo ndiko alikooa.

Bi Kitambaa akazima injini, akaitoa nozeli namba nne, akaitupa washa yangu bila kuisifia hata duara. Akamulika tochi ndani ya tundu, akaingiza waya uliopindwa ncha, akavuta. Washa ya shaba! Ilikuwa imeganda palepale chini, haijawahi kutoka. Yangu ilikaa juu yake, nozeli ikapanda, ndiyo sababu ya moshi.

Kwa hiyo sikupoteza kitu. Nilimweleza Tajiri jambo hilo mara tatu. Alikuwa anajifuta macho. Moshi, nadhani.

Saa kumi lori limeondoka, linanguruma vizuri tu. Shemeji kampa Bi Kitambaa gunia zima la vitunguu. Mimi kanipa vilivyoota.

Jumamosi, 8 Machi

Foromani ni Bi Kitambaa. Nimepiga makofi mara mbili, yanamtosha.

Imeniuma. Naandika mara moja tu na sirudii: imeniuma sana. Miaka kumi na moja nalala chini ya malori ya watu, na dada yangu alikuwa ameshawaambia majirani kwamba cheo ni changu. Jioni amenipigia simu. Nilidhani ananipa pole. Alikuwa anauliza kama yule mama anapokea lori lao moja kwa moja, bila kupitia kwangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari Jumapili nzima. Fundi wa kweli hukubali kosa, na langu nimelijua. Foromani kaniita mezani kwake asubuhi, akauliza kwa upole nimejifunza nini wiki iliyopita. Nikamwambia waziwazi, bila aibu: sumaku ilikuwa ndogo. Akanitazama kwa muda mrefu sana. Heshima hiyo inaanza kuja.

Leo nimepoteza pete ya mpira ya pampu ya dizeli. Sijatikisika hata kidogo. Fundi redio ameahidi kunipatia spika ya ukumbini, ile ya kubebwa na watu wawili.