Malalamiko Dhidi ya Futikamba ya Mama Mkwe

Kwako Muuguzi Mkuu, Wodi ya Wanaume,

Leo Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, mtaalamu wa fiziotherapia ametangaza mbele ya vitanda vyote kumi na viwili kwamba msimamizi rasmi wa mazoezi yangu ya kupumua, kuanzia sasa, ni mama mkwe. Kwa heshima zote, napinga uteuzi huo.

Mimi ni mgonjwa wa kitanda cha saba. Alhamisi iliyopita nilitolewa lita moja na nusu ya maji yaliyokuwa yakilikandamiza pafu la kulia, na Jumamosi mpira wa kuyatolea ukaondolewa ubavuni. Daktari amesema picha ya Alhamisi hii ikionyesha pafu bado limesinyaa, mpira unarudi ubavuni. Sitaki urudi. Hata hivyo, nina malalamiko manne.

1. Mama mkwe ni fundi cherehani. Alipoambiwa kifua kinatakiwa kutanuka, hakusubiri maelezo. Alivuta futikamba shingoni mwake, akanizungushia. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kukaa mbele yake bila kufunga kifungo cha juu cha shati. Sasa anajua vipimo vyangu nikivuta pumzi na nikiishusha. Siku ya kwanza, Jumamosi, tofauti ilikuwa sentimita mbili. "Mbili?" akashangaa. "Baba, hata lastiki ya sketi kuukuu inavutika zaidi ya hapo." Leo asubuhi zilikuwa tatu na nusu. Ameziandika kwa chaki ya kitambaa kwenye ubao wa kitanda chako cha serikali.

2. Naagizwa nikumbatie mto ubavuni, nikohoe kwa nguvu. Mtu hakohoi hivyo mbele ya mkwewe. Nilikohoa kistaarabu, kiganja mdomoni. Akasema, "Hicho si kikohozi, unabisha hodi. Kohoa, mwanangu, mimi nimelea saba."

3. Kile kifaa cha vigololi vitatu, ambacho mgonjwa hufyonzea hewa ili viinuke juu, sasa kina watazamaji. Nikiinua kimoja, wodi inanyamaza. Nikiinua viwili, kitanda cha tano kinapiga makofi. Matokeo huwafikia mashemeji zangu wote kwa simu kabla sijameza mate. Jana mmoja alinipigia kunipa pole kwa ajili ya kigololi cha tatu.

4. Hili ndilo zito. Pafu langu lina malezi. Miaka yote hiyo limepumua kidogo kidogo kila mama mkwe alipokuwa sebuleni, lisije likasikika. Kulitaka leo lijitanue mbele yake ni kulifundisha utovu wa adabu. Tena nashuku kule kusinyaa kwenyewe si ugonjwa. Ni heshima iliyopitiliza.

Kwa hiyo naomba itangazwe kwamba mama mkwe si kifaa cha tiba. Hilo likishindikana, ahamishiwe wodi ya wanawake, au niruhusiwe kwenda nyumbani na pafu moja na nusu. Kazi yangu ni kuandika habari, sipigi tarumbeta.

Nakuachia uamuzi, nikiwa nimekaa wima kama nilivyoagizwa. Salamu kwa wauguzi wa zamu zote, kwa mfagiaji anayesubiri nimalize kutembea koridoni ndipo apige deki, na kwa kitanda cha tano, ingawa makofi yake hayasaidii.

Mgonjwa wa kitanda cha saba

Nyongeza: Mchana huu mama mkwe ameitwa dukani kwake kumalizia gauni la bibi harusi, na hatarudi mpaka Ijumaa. Mke wangu amenisimamia kwa simu kutoka kazini. Nimemwambia nimevuta pumzi kumi. Nilivuta tatu, nikalala. Jioni mtaalamu amenipima: sentimita mbili na nusu. Tafadhali usiifungue barua hii. Kama umeshaifungua, mpigie wewe mama mkwe, maana mimi naona haya. Cherehani yake ni ya umeme, na kando ya kitanda changu kuna soketi. Picha ni Alhamisi, saa mbili asubuhi. Awe hapa kesho saa moja.